Mtoto, koo na vipele: neno "alerji" lilitoka wapi?



Leo sileti historia ya wafalme wala ya vita. Naleta historia ya jambo ambalo wazazi wengi humu wamekwisha kuliona nyumbani. Mtoto anaumwa koo, anapewa amoksisilini ya siro, homa inashuka, watu wanapumua. Kisha siku ya tano ao ya sita anajaa vipele, toka kifuani mpaka miguuni. Mama anasema: "Mwili yake inakatala ile dawa." Muuguzi anachukua kalamu na kuandika juu ya fishi: *alerji ya penisilini*. Dawa inasimamishwa, vipele vinaisha, kila mtu anasahau. Fishi haisahau. Yale maneno yanamfuata mtoto mpaka anapokuwa baba ao mama ya watu.

Mimi si dokta, nilisoma historia. Swali langu ni la mtu wa historia: ile hukumu tunayoandika kwa haraka hivi ilitoka wapi, na ina ushahidi gani? Nimesoma mambo haya kwa muda, na nimeona kwamba vipele vya mtoto anayetibiwa koo vinaweza kuwa na wazazi watatu: mikrobi yenyewe, dawa, ao virusi. Watu walihitaji karibu miaka 300 kuwatenganisha. Sisi tunataka kuwatenganisha kwa dakika mbili, na foleni iko inangoja inje.

Mzazi wa kwanza: mikrobi

Tuanzie kabla ya dawa. Katika miaka ya 1670, daktari wa London anaitwa Thomas Sydenham aliandika juu ya homa ya watoto inayokuja na ngozi nyekundu. Akaitenga na surua, akaipa jina la Kilatini ambalo mpaka leo Wafaransa wanalisema *scarlatine*. Sisi tuseme skarlatina. Koo linauma, homa inapanda, na baada ya siku moja ao mbili vipele vidogo sana vinatokea shingoni na kifuani, kisha vinaenea. Ulimi unakuwa mwekundu wenye vidutu. Juma moja ao mawili baadaye, ngozi ya vidole inabanduka.

Sydenham aliuona kama ugonjwa mwepesi. Miaka mia na kitu baadaye haukuwa mwepesi tena. Katika karne ya 19 skarlatina iliua watoto wengi sana Ulaya na Amerika, na kuna nyumba zilizozika watoto wawili ao watatu katika juma moja. Tarehe 1 Julai 1858, siku nadharia ya Charles Darwin iliposomwa kwa mara ya kwanza mbele ya wanasayansi wa London, Darwin mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kwake kijijini anamzika mtoto wake mdogo, aliyeondoka kwa skarlatina.

Sababu ilijulikana polepole. Mwaka 1874 Theodor Billroth, mpasuaji wa Vienna, alizipa jina mikrobi alizoziona zimejipanga kama shanga kwenye uzi: streptokoki. Mwaka 1884 Friedrich Loeffler akazikuta kooni mwa wagonjwa wa skarlatina. Lakini swali lilibaki: mikrobi iko kooni, sasa kwa nini ngozi ya tumbo inaota vipele? Jibu lilitoka Chicago. Mwaka 1923 bwana na bibi Dick, George na Gladys, walionyesha kwamba streptokoki njo chanzo. Iko kooni, lakini inatoa sumu inayotembea na damu mpaka kwenye ngozi.

Tulishike vizuri hilo: mtoto mwenye streptokoki anaweza kujaa vipele bila kunywa hata tone moja la dawa. Kama siro ilianza jumatatu jioni na vipele vikatokea jumanne, inawezekana vilikuwa njiani tayari.

Na jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya havitusaidii sana. Vinasema "ngozi nyekundu". Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, wakati mwingine hauonekani kabisa. Pale mkono unashinda jicho: ukipitisha kiganja kwenye kifua cha mtoto mwenye skarlatina, unasikia kama karatasi ya msasa, ile ya maseremala.

Mzazi wa pili: dawa

Sasa twende Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, katika hospitali ya watoto ya St. Anna. Antibiotiki ilikuwa bado kuzaliwa. Dokta Paul Moser alikuwa anachoma farasi streptokoki zilizotoka kwa wagonjwa wa skarlatina. Farasi anajenga kinga, wanamtoa damu, wanachukua yale maji ya juu, yaani seramu, na kuwachoma watoto wagonjwa. Dozi zilikuwa kubwa. Watoto wengine walipona. Lakini siku kadhaa baada ya sindano, wengi wakaota vipele, wakavimba viungo, homa ikarudi.

Hapa wanaingia vijana wawili wa ile hospitali, Clemens von Pirquet na Béla Schick. Wengine walikuwa wanasema tu "seramu ni sumu", wao wakahesabu siku. Wakaona kwamba mtoto anayechomwa kwa mara ya kwanza anapata vipele baada ya siku 8 mpaka 12 hivi. Yule aliyekwisha kuchomwa zamani akichomwa tena, vinakuja upesi, pengine siku ile ile. Kama seramu ingekuwa sumu ya kawaida, ingefanya kazi kwa mwendo mmoja siku zote. Basi kilichobadilika ni mwili wa mtoto. Mwili ulikuwa umejifunza.

Mwaka 1905 wakaandika kitabu juu ya ule ugonjwa wa seramu. Mwaka 1906 Pirquet akatunga neno jipya kutoka Kigiriki, lenye maana ya mwili kuitikia kwa namna nyingine. Lile neno njo *alerji*, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita mzio. Muone sasa: lilizaliwa kwa kuangalia watoto wenye vipele, na wengi kati yao walikuwa wanatibiwa skarlatina, ugonjwa wa koo la streptokoki. Na lilizaliwa kutoka kwenye kalenda. Leo tumelibakiza neno, kalenda tumeiacha.

Kisha penisilini ikaja, na tena streptokoki iko ndani. Tarehe 25 Mei 1940, kule Oxford, Howard Florey na wenzake walichoma panya wanane streptokoki za kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne hapana. Asubuhi, wale wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote. Waliotibiwa walikuwa wazima. Machi 1942, kule New Haven, Marekani, mama anaitwa Anne Miller alikuwa anakufa kwa streptokoki ndani ya damu. Akapewa penisilini, na aliishi mpaka 1999.

Dawa ilipoenea, madhara yake nayo yakaonekana. Kuna watu ambao kweli mwili wao hauitaki penisilini. Dakika chache ao saa moja baada ya dozi, ngozi inavimba mabaka yanayowasha na kuhamahama, midomo na macho yanajaa, pumzi inakata. Hiyo ni alerji ya kweli kabisa na inaua. Kuna pia ugonjwa mwingine, wa nadra lakini mkali, ambao Stevens na Johnson waliueleza mwaka 1922 kwa watoto wawili wa kiume huko New York: ngozi inafanya malengelenge, mdomo na macho vinapata vidonda. Wale wawili hawakuwa wameupata kwa antibiotiki, lakini leo tunajua dawa ni moja ya sababu zake kubwa. Kwa hiyo asinisikie mtu vibaya. Sisemi alerji ya penisilini ni hadithi. Nasema ni moja kati ya tatu.

Mzazi wa tatu: virusi, na njia iliyopita Kampala

Hii sehemu njo naipenda zaidi, juu inapita karibu na kwetu.

Mwaka 1961 ampisilini ilitoka Uingereza, na madaktari wakaipenda. Haikupita muda wakaona jambo la ajabu. Kuna ugonjwa wa vijana unaoitwa mononukleozi: koo linavimba na kufunikwa na utando mweupe, tezi za shingo zinajaa, homa inadumu. Ukiangalia koo peke yake, utasema ni streptokoki. Basi daktari anaandika ampisilini. Mwaka 1967 ripoti zilitoka Uingereza na Marekani: katika makundi yale ya wagonjwa, karibu wote waliopewa ampisilini waliota vipele mwili mzima. Bila ampisilini, ni wachache tu walioota.

Je, wote walikuwa na alerji? Haiwezekani watu wote wa ugonjwa mmoja wawe na alerji moja. Na wengi wao, baada ya kupona, waliweza kupewa tena dawa za jamii ile bila shida. Basi lazima ugonjwa wenyewe ulikuwa unachangia. Lakini ugonjwa gani? Chanzo cha mononukleozi kilikuwa hakijajulikana bado.

Jibu lilikuwa limekwisha kusafiri toka Kampala. Katika hospitali ya Mulago, mpasuaji Denis Burkitt alikuwa ameona watoto wengi wenye uvimbe mkubwa wa taya, aina ya kansa. Mwaka 1961 alizunguka na gari kuukuu karibu kilomita 16,000, toka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, akiuliza: huu uvimbe mnauona? Machi ya mwaka ule ule alikuwa ameueleza London, na ndani ya chumba alikaa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakapatana: Burkitt atatuma vipande vya uvimbe kwa ndege.

Kwa muda hakuna kilichoonekana. Desemba 1963, ndege moja iliyobeba kipande ilishindwa kutua London juu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu pia. Wangeweza kutupa wakisema kimeoza. Epstein akaangalia kwenye hadubini: zilikuwa seli hai zinaelea. Akazikuza na Yvonne Barr, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, wakatangaza virusi vipya. Ndivyo vinavyoitwa Epstein-Barr. Watoto wa Uganda waliotoa vile vipande hawamo katika lile jina, lakini bila wao jina lisingekuwepo.

Kisha kule Philadelphia, Werner na Gertrude Henle walikuwa wanachunguza virusi vile katika maabara yao. Binti mmoja mfanyakazi wa ile maabara hakuwa na alama yoyote ya virusi katika damu. Akaugua mononukleozi. Alipopimwa tena, alama zilikuwepo. Mwaka 1968 wakaandika: mononukleozi inaletwa na Epstein-Barr.

Hapo mzazi wa tatu akapata sura. Virusi vinauamsha mwili wote, na dawa inapoingia katikati ya ile vurugu, ngozi inaitikia. Mtoto akiisha kupona, dawa ile ile inaweza kupita kimya. Na Epstein-Barr si peke yake: virusi vingi vya watoto vinaleta koo, homa na vipele hata bila dawa. Kati ya watoto kumi wenye maumivu ya koo, ni wawili ao watatu hivi wenye streptokoki. Wengine wana virusi, na antibiotiki haiwasaidii kitu.

Ushahidi wa siku zetu

Geneva, mwaka 2011, madaktari walitoa matokeo ya watoto 88 waliopata vipele vilivyochelewa wakiwa juu ya dawa za jamii ya penisilini. Walipewa tena ile dawa, ndani ya hospitali, chini ya macho ya madaktari. Ni 6 tu walioota tena, na haikuwa kali. Montréal, mwaka 2016, watoto 818 walioshukiwa juu ya amoksisilini walijaribiwa vilevile: 94 kwa mia hawakupata kitu.

Sasa mtu atasema: basi ni salama zaidi kuandika alerji kuliko kukosea, sivyo? Hapana. Kuna bei.

Streptokoki ikiachwa kooni, kwa watoto wengine, majuma mawili mpaka manne baadaye inaleta homa ya viungo inayouma moyo, *rhumatisme* ile. Mwaka 1950 madaktari wa jeshi la Marekani walionyesha katika kambi ya Fort Warren, Wyoming, kwamba penisilini ikitolewa mapema kwa koo inazuia ile homa. Na mtoto ambaye moyo wake umekwisha kuguswa anahitaji sindano ya penisilini ya kudumu kila majuma matatu ao manne, kwa miaka mingi. Kule kwa matajiri ugonjwa huu umekuwa adimu. Kwetu bado unakula vijana.

Katika ukoo wetu kuna kijana wa namna ile. Alipoambiwa moyo una shida, fishi yake ya utoto ikatolewa, na pale juu kwa wino mwekundu: alerji ya penisilini. Hakuna tarehe. Hakuna dawa gani, vipele gani. Kila fasi alipokwenda waliogopa kumchoma, na ni haki yao kuogopa. Akapewa vidonge vingine, vya bei kali, ambavyo familia ilinunua mwezi huu na kukosa mwezi ule. Mpaka dokta mmoja mvumilivu akamkalisha mama yake na kumuuliza polepole. "Vipele vilikuja lini, mama?" "Alikuwa anamaliza dawa, dokta, siku ya sita ao ya saba." "Alivimba midomo? Pumzi?" "Hapana. Alikuwa anacheza paka kucheza." Wakamlaza siku moja, adrenalini iko tayari pembeni, wakampa kidogo, wakangoja, wakampa tena. Hakuna kilichotokea. Leo anapata sindano yake. Miaka tisa alikuwa anaikosa juu ya maneno matatu.

Tunachoweza kufanya

Narudia, mimi si dokta, na haya hayachukui nafasi ya dokta. Lakini mzazi ni shahidi wa kwanza, na shahidi mzuri anajua kuhesabu siku kama Pirquet.

Vipele vikitokea, andika: dawa jina gani, ilianza siku gani, dozi ya mwisho saa ngapi, vipele vilitokea saa ngapi ao siku ya ngapi. Vinawasha na kuhama, ao vimetulia? Kama una simu, piga picha fasi iko mwanga. Pitisha kiganja, usitegemee jicho tu.

Kama midomo inavimba, pumzi inabana, mtoto anatapika mfululizo ao anazimia, ao ngozi inafanya malengelenge na mdomo una vidonda: acha dawa na kimbia hospitali, usingoje kesho. Kama ni vipele tu na mtoto anacheza, mupeleke santé, muulize kabla ya dozi nyingine. Na msijaribu ile dawa tena nyumbani "ili kuona". Wale wa Geneva na Montréal walifanya ndani ya hospitali, tayari kwa lolote.

Na hapa kwetu Congo, homa na vipele kwanza ni kuuliza surua. Mlipuko ulioanza mwaka 2019 ulizidi wagonjwa 310,000 na kuua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Mpox nayo ni ya kufikiria: mtu wa kwanza kutambuliwa nayo, mwaka 1970, alikuwa mtoto wa miezi tisa wa Équateur. Usikubali vipele vyote viwekwe kichwani pa siro.

Kwa wenzetu wa chama wanaofanya kazi ku santé, ombi langu ni dogo. Mkiandika alerji, ongezeni mstari mmoja: dawa, tarehe, siku ya ngapi, ilikuwaje. Mstari ule hauli hata dakika. Miaka ishirini baadaye, kuna dokta mwingine, mji mwingine, atausoma na kujua cha kufanya.

Na sisi wengine, leo jioni tutoe fishi za watoto ndani ya sanduku. Kama neno lile limeandikwa, tuulize mama mkubwa ao bibi aliyekuwepo siku ile: ilikuwa lini, na ilikuwaje? Tuulize wakingali wanakumbuka.